Hema Limeonekana Muganza

Nimelala kwenye turubai miaka 11 ya maisha yangu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa napumzika. Nyarugusu nimelala, Rwamagasa nimelala, na kwingineko ambako dhahabu ilitangazwa Jumatatu ikakanushwa Ijumaa, nako nimelala. Tulitandika viroba vitupu, tukajifunika viroba vingine, na katikati tukawa sisi, kama mawe yanayosubiri zamu ya karasha. Ndiyo maana hela yangu ya kwanza ya maana nilinunulia godoro. Ya pili nikafungua duka hapa Katoro: makoleo, kamba, nyundo, tindo, misumari, betri na, Mungu anisamehe, maturubai.

Sasa fikirini hali yangu binti yangu aliporudi kutoka chuo Mwanza mwezi Aprili, akanitazama nilivyojikunyata nyuma ya kaunta, akasema, "Baba, twende tukapige kambi ziwani. Upumzike."

"Mama," nikamjibu, "kambi nimeipiga mpaka nayo ikanipiga."

Kosa lilikuwa langu. Niliisahau mezani karatasi ya daktari. Daktari alinipima presha, akauma midomo, akaandika dawa mbili na neno moja: apumzike. Mimi neno hilo nililitafsiri kwa namna ya mtu wa Katoro, yaani nikawa nafunga duka saa mbili usiku badala ya saa tatu. Mama yao, yaani mke wangu, akaliona, akalisoma kwa sauti, akaenda kulibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo ambako kila mgeni anaona.

Asiyeijua Katoro atauliza kwa nini mtu asipumzike nyumbani kwake. Katoro hailali. Wachimbaji wanaingia mjini na mchanga masikioni, wanunuzi wanaingia na mizani, mabasi yanapiga honi kama yamekuja kuposa, na kila duka lina spika yake inayotangaza bei ya kitu ambacho duka la jirani linatangaza bei yake kwa spika kubwa zaidi. Buseresere tumegusana nayo mgongo kwa mgongo, ingawa wao wako wilaya ya Chato na sisi ya Geita. Ukipiga chafya Katoro, Buseresere wanakuombea afya.

Hema binti alilinunua mtumbani. Kwenye mfuko wake kulikuwa na picha, na picha hiyo ndiyo chanzo cha yote. Mzungu amekaa kwenye kiti cha kukunja, kitabu mkononi, mkewe anamimina chai, nyuma yao ziwa limetulia kama sahani, na majani yamejaa maua ya njano. Nikauliza hawa watu wameajiriwa na nani.

"Hayo ni majira ya kuchipua kwao, baba. Baridi imeisha, theluji imeyeyuka, watu wanatoka nje kufurahia jua."

Hapo nikaelewa. Mzungu yule amefungiwa ndani tangu Novemba. Akiliona jua anatoka mbio kama ndama aliyefunguliwa, anataka alale nje, ale nje, na hiyo ni haki yake. Lakini mimi jua nimelikosa lini? Kwetu Aprili ni masika. Vinavyochipua ni magugu na mbu. Nilisema hayo yote, kwa utaratibu na kwa mifano. Mama yao akasema, "Tunaondoka Jumamosi."

Mpango wa awali ulikuwa kisiwa cha Rubondo. Binti alikuwa ameshasoma yote kwenye simu, na ndani ya Probox ya kukodi akatusomea mpaka dereva akazima redio. Kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kina kilometa za mraba zipatazo 457 ukihesabu na maji yake, hakina simba, kina nzohe, viboko, mamba, na tembo na twiga waliovushwa kwenda huko. Wavuvi waliokuwa wakiishi humo waliondolewa miaka ya 1960. Na sokwe! Sokwe wa Rubondo wametoka Ulaya. Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani yule ambaye filamu yake ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, aliwakusanya sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa huko Ulaya, kwenye mabanda na maonesho, akawaleta kwa meli na kuwaachia kisiwani kati ya 1966 na 1969. Hakuna aliyewafundisha kutafuta chakula wala kusuka vitanda vya matawi juu ya miti. Wakajifunza wenyewe, wakazaana, na wajukuu wao wako huko hadi leo.

"Umeona, baba?" akasema binti. "Hata wao walizoea kulala nje."

Nikamwambia sokwe yule alitoka kwenye kizimba, mimi natoka kwenye godoro la inchi nane. Halafu nikapiga hesabu ya boti, kiingilio na chakula cha watu watatu, nikamwuliza kama kisiwa kinaonekana ukiwa ng'ambo ya huku. Akasema kinaonekana vizuri tu. Nikasema basi tutakiangalia.

Hivyo ndivyo tulivyoishia ufukweni upande wa Muganza, hatua chache kutoka mwalo wa wavuvi. Nilichagua mahali mwenyewe. Palikuwa na mchanga tambarare, mkavu, umefagiliwa, hauna jani wala jiwe, na kando yake nyavu kuukuu zimekunjwa vizuri. Mtu mwenye akili angejiuliza nani kaufagia mchanga, na kwa nini. Mimi nilimshukuru Mungu nikashusha mizigo.

Hema lilikuja na fito saba. Mashimo ya fito ni nane. Mama yao akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akatutazama kwa muda kama mkaguzi wa hesabu.

"Baba watoto, turubai la Rwamagasa mlikuwa mnalifunga kwa dakika ngapi?"

"Kumi."

"Na hili?"

Sikujibu. Saa ya pili ilikuwa inakatika. Mwishowe ufito wa nane ukawa koleo. Mwenye duka la makoleo hasafiri bila koleo. Nililitia kwenye Probox kwa mazoea tu, kama mwingine anavyotia mwavuli. Mpini ukaingia kwenye shimo la nane kana kwamba Mzungu aliyeshona hema lile alinifikiria.

Nikafungua kiti. Nikakaa. Ziwa lilikuwa mbele yangu, kisiwa ng'ambo ni mstari wa kijani, upepo unatoka majini. Nakiri: dakika nne nilipumzika. Ya tano simu ikaita. Shemeji yangu, niliyemwachia duka, anauliza bei ya misumari ya inchi tatu. Nikamjibu. Akapiga tena kuuliza ya inchi nne.

Nikataka kuoga. Binti akasema hapana, kuna kichocho. Wadudu wake wanatoka kwa konokono wa pembezoni na kukuingia kwenye ngozi hata kama hukunywa tone. Nikataka kutembea kwenye matete. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu akasema, bila kuinua kichwa, "Mzee, huko ndiko mamba anakolalia." Ziwa lenye kilometa za mraba zaidi ya 68,000, nchi tatu zinagawana, na sehemu niliyoruhusiwa mimi ilikuwa kiti.

Jioni wakaja wale vijidudu wa ziwani wanaoinuka kutoka majini kama moshi wa tanuru. Hawaumi. Ni wengi tu. Wanaingia puani, kwenye chai, kwenye ugali. Nilikula sato aliyechomwa na sijui mpaka leo nyama ilikuwa kiasi gani na mdudu kiasi gani. Walipoondoka hao ikaja zamu ya mbu, na mbu wa kanda yetu hahitaji kuelezwa.

Lakini usiku ulipokolea, acha niseme ukweli hata kama unaniharibia malalamiko. Mwezi haukuwepo. Ndizo siku za dagaa: mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti kitu na mitumbwi inakaa nchi kavu, giza likija, wote wanatoka. Ziwa zima likawaka taa. Zilijipanga mbali kule kama mji, mji mkubwa kuliko Geita, unaopanda na kushuka taratibu. Tulikaa watatu tukiangalia na hakuna aliyezungumza. Mama yao akanishika mkono. Mara ya mwisho kunishika mkono mbele ya mtoto ilikuwa nilipoteleza kwenye ngazi.

Saa saba usiku ziwa likakumbuka kazi yake.

Binti anajua sababu, na alinieleza huku maji yakitutiririkia shingoni. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, upepo unatoka ziwani. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na uvuguvugu wake, upepo unageuka. Unaingia ziwani kutoka pande zote, unagongana, unapanda, na unakuwa mvua ya radi. Yaani lile ziwa limeumbwa linyeshe usiku. Aliyeumba hivyo hakuwa na hema. Nikamwuliza mtoto, kama haya aliyajua Mwanza, kwa nini hakuyasema Katoro?

Maji yakaanza kupita chini ya mgongo wangu. Miaka 11 ya kambi ikaamka mwilini mwangu. Nikatoka na bukta, nikachomoa koleo, hema likamwangukia mama yao, nikamsikia anasema jambo kuhusu ukoo wetu, na mimi nikachimba. Nilichimba mfereji kuzunguka hema lote, wa kina cha goti, udongo nikaulundika upande mmoja kama ilivyo kawaida. Sikuwa nimeshika koleo kwa kazi miaka mingi. Kazi safi kabisa. Nilipokuwa namalizia, nikasikia gizani kitu kikitafuna majani kwa utulivu, kraap, kraap. Kiboko. Anakula majani kama kilo 40 kwa usiku na hapendi kusimamiwa akiwa mezani. Nikarudi ndani kwa tumbo, nikalala juu ya sufuria.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya mama mtu mzima.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu. Hema lako limekalia dagaa wangu."

Nikachungulia. Kulia dagaa, kushoto dagaa, nyuma dagaa, ndoo kwa ndoo wameanikwa juu ya zile nyavu kuukuu, wanang'aa. Mchanga ule uliofagiliwa ulikuwa uwanja wake wa kuanikia, na masika jua la asubuhi ni mali. Likikupita, dagaa wanaoza. Akasema nilipe elfu tano au nihame. Nikaona ana haki, nikaanza kutafuta suruali yenye pochi.

Ndipo macho yake yakauona mfereji.

"Na hili shimo ni la nini?"

"La maji ya mvua, mayu."

Akautazama mfereji. Akautazama udongo nilioulundika. Akalitazama koleo. "Mmetoka wapi?"

"Katoro."

"Unafanya kazi gani huko?"

"Nina duka la makoleo."

Msomaji, usinicheke. Nilikuwa sijanywa chai. Mama yule alinyamaza, akainama, akachota udongo kidogo, akausugua kiganjani, akauelekeza juani. Ulimeta, kama unavyometa mchanga wowote wenye ulanga. Akaupangusa polepole kwenye pindo la kanga na kulipiga fundo.

"Msihame, baba," akasema kwa upole ambao haukuwepo dakika moja nyuma. "Kaeni tu. Dagaa wataanikwa kwingine."

Hapa lazima nieleze jambo kwa wageni. Ukanda huu wetu hema si hema. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, na tangu hapo mtu akionekana amelala porini mahali ambapo hakuna aliyelala jana, watu hawaulizi kama ana afya. Wanauliza ameona nini. Rashi ya wachimbaji haianzishwi na dhahabu. Inaanzishwa na turubai. Na mimi, ole wangu, nina historia. Mwaka mmoja kule Rwamagasa duara letu, yaani shimo letu la kuchimbia, lilitema dhahabu, na kwa wiki nzima kila aliyepita akiuliza mnafanya nini hapo tulimjibu, "Tunapumzika tu."

Saa tatu asubuhi ilikuja pikipiki moja. Dereva akazima injini, akasalimia, akanunua dagaa asiowahitaji, akaangalia mfereji, akapiga simu akiwa amenipa mgongo. Nilisikia maneno mawili tu: "Hema limeonekana." Saa nne zikaja pikipiki tano, mishikaki ya watu watatu watatu, na kila pikipiki ina koleo limefungwa kwa mpira. Shemeji akapiga simu kuuliza turubai la mita sita bei gani kama mtu anachukua kumi. Nikamwambia aache utani, mimi napumzika, nikakata.

Saa tano alikuwepo mama ntilie na masufuria mawili na wateja. Saa sita alikuwepo kijana wa vocha, muuza miwa, na jamaa mwenye mashine ya kupima madini ardhini, anayeipitisha juu ya mchanga huku ametega sikio kana kwamba anampima mjamzito. Mashine ikalia nyuma ya hema letu. Watu wakapiga yowe. Wakachimba, wakatoa kigingi cha hema nilichokipoteza jana yake. Nilidhani hapo wataelewa. Mmoja akasema, "Amekiweka alama."

Nikapanda juu ya ndoo ya mama yao nikawahutubia. Nikasema ndugu zangu, hapa hakuna kitu, mimi nina presha, daktari ameniambia nipumzike. Kimya. Kisha kutoka nyuma nikasikia kicheko ninachokijua. Mwenzangu wa Rwamagasa, tuliyechimba naye duara lile lile, amezeeka, meno mawili hayapo, koleo jipya begani.

"Kaka," akasema akifuta machozi, "ulijibu hivyohivyo."

Baada ya hapo hata mimi nisingejiamini. Akaja mwenyekiti wa kitongoji, mtu mstaarabu sana, na daftari lake la mistari. Akataka leseni ya uchimbaji. Nikamwambia sina, sichimbi. Akautazama mfereji. Akaandika kitu kirefu. Akauliza kama nina leseni ya kitu kingine chochote. Binti akamwonesha kitambulisho cha chuo.

Tulianza kufungasha saa saba mchana, na hilo nalo likawa ushahidi: kaondoka upesi, ameshiba. Tulipofika kwenye gari nikageuka nyuma. Mfereji wangu ulikuwa umeshagawanywa kwa kamba mafungu manane, kila fungu na mwenyewe, na mama wa dagaa amekaa katikati kwenye kiti changu cha kukunja, anaandikisha majina. Kiti hicho sikurudi kukidai.

Probox ilikuwa kimya mpaka Buseresere. Nilikuwa nafikiria hasara: gari, hema, kiti, siku mbili za duka, na usiku mmoja juu ya sufuria. Dukani nikamkuta shemeji ameketi mlangoni juu ya katoni tupu, shati limelowa, sauti imekwisha. Nyuma yake rafu zilikuwa nyeupe. Maturubai yote yameisha. Kamba zimeisha. Tindo, betri, tochi, nyundo, vimeisha. Makoleo 64 yametoka tangu saa nne asubuhi, na la mwisho, anasema, mzee mmoja asiye na meno mawili alimnyang'anya mteja mwingine mkononi.

Tangu nifungue duka sijawahi kuuza hivyo kwa siku moja, na siku yenyewe sikuwepo. Jioni nilipita duka la dawa wakanipima presha: imepanda. Daktari nitamweleza atakachoelewa. Mama yao amekaa mezani na kalenda, amezungushia siku za giza za mwezi ujao, ananiuliza kama upande wa Nkome nako kuna ufuko mzuri wa kupumzikia.

Wateja wetu mnaopiga simu kuuliza: makoleo mapya yanaingia Alhamisi. Hema haliuzwi.